Kura Aliyoifunga Orvin

Mume wangu Orvin ni mkaidi, na nasema hivi huku nampenda. Vipindi vitano watu wa huku walimpeleka bunge la jimbo. Kila uchaguzi aligonga mlango wa kila shamba na kunywa kahawa ya kila jiko, hata ya akina Tollefson, ambayo ni kama maji ya kuoshea sufuria. Ahadi yake ilikuwa moja: wodi ya kujifungulia ya hospitali yetu ndogo haitafungwa. Hospitali nyingine iko mbali, na barabara yenyewe majira ya baridi ni theluji na upepo mtupu.

Mwaka ule mswada wa kuinusuru wodi ulifika kwenye kura. Asubuhi, Leander Krebsbach wa chama kile kingine, aliyekuwa anaupinga mswada, alimjia Orvin macho mekundu. Mkewe alikuwa anakata roho nyumbani. Sasa bungeni wana desturi yao ya kufungana kura: wa upande mmoja akipata dharura, mmoja wa upande wa pili naye anaizuia kura yake, ili asiyekuwepo asipunjwe. Ni neno tu baina ya watu wawili. Orvin alihesabu vichwa, akaona mswada utapita hata bila yeye. Akampa mkono, akamwambia aende kwa mkewe.

Mchana, mbunge mmoja wa chama chetu akageuka. Mimi nilikuwa juu kwenye viti vya wageni, na Mungu ananiona, nilimkodolea mume wangu macho ya kumwambia bonyeza kitufe cha kura, mjinga wewe, bonyeza. Orvin akasimama, akasema kura yake imefungwa na ya Krebsbach, akaketi. Mswada ukaanguka kwa kukosa kura moja.

Wodi ilifungwa kiangazi. Januari, mkwe wetu Joleen akashikwa na uchungu katikati ya dhoruba. Mumewe, mwanangu Nels, alimpeleka kwa gari lake akifuata nyuma ya gari la kusukuma theluji, polepole, hana la kufanya. Mtoto alizaliwa njiani. Alikuwa wa kike, na hakulia.

Baada ya mazishi Nels alisimama jikoni kwangu, kofia mkononi.

"Krebsbach ulimpa neno lako," alimwambia baba yake. "Mimi je, baba? Mimi ulinipa nini?"

Akaivaa kofia, akatoka. Tangu siku hiyo Nels hakukanyaga kwetu.

Uchaguzi ulipokuja, watu walisema Orvin amenunuliwa. Kwenye chakula cha kanisani, wale wale waliokuwa wakimgombania walibeba sahani zao wakahamia meza nyingine. Krebsbach mwenyewe alipiga simu, akataka kuja kueleza hadharani kwamba siku ile alikuwa anamuuguza mkewe. Orvin akakataa katakata. Nilimjia juu. Nikamwambia heshima yake hiyo haitatulea uzeeni.

"Ardis, yule mama amepumzika," akasema. "Simfukui kaburini ili nipate kura."

"Na mwanao?"

"Kiti wachukue. Nels tu ndiye ninayemtaka." Akajifunika uso.

Tangu utotoni Nels ndiye aliyekuwa akipigilia vibao vya kampeni vya baba yake kando ya barabara. Mwaka huu Orvin alipigilia peke yake, na mgongo wake ule mbovu. Akashindwa, tena vibaya.

Kesho yake tulitoka kwenda kuving'oa, kwa sababu huku mgombea huondoa vibao vyake mwenyewe. Tukafika kwenye lango la Nels. Kulikuwa na kibao cha yule aliyetushinda, upepo umekilaza chini. Orvin akasimamisha gari. Nikajua sasa anakwenda kugonga mlango.

Akatoa nyundo, akainama, akakisimamisha kile kibao, akakipigilia kikakaa imara. Nels alikuwa barazani anatuangalia. Baba yake akamvulia kofia, namna anavyomvulia kila mpiga kura. Nels akaingia ndani, akafunga mlango.

Orvin alirudi, akanipa funguo. Akaniomba niendeshe mimi, kwa sababu yeye barabara haioni.