Kifaranga Chini ya Beseni

Mkono wa kulia unamenya karanga za watu, wa kushoto unagonga beseni la bati. Ko. Ko. Ko. Asikudanganye mtu, Bi Ngatirah hajarukwa na akili. Gunungkidul nzima, huku Java, inajua kwamba kifaranga akilegea shingo unamfunika beseni, unagonga taratibu, na ile sauti inamrudisha. Ukiacha katikati, ndiyo basi tena.

Na huyu alikuwa kalegea kweli, jamani! Alfajiri alimkuta kalala ubavu, macho yana utando, bawa linaburuzika. Bibi akamdondoshea maji ya manjano kwa ncha ya jani, akamsagia kitunguu, wapi! Likabaki beseni.

Wiki tatu nyuma kideri kilifagia banda zima, kuku kumi na mmoja, jogoo humohumo. Akabaki huyu, anayefuata ndala za bibi toka jikoni mpaka kisimani, piyo piyo piyo. Mwingine wa kumwita mle ndani hayupo. Mume yuko kaburini. Mwana yuko kiwandani Taiwan, mara ya mwisho kapiga simu Idi, na mtandao ukakata bibi ndiyo kwanza anaanza habari za mvua.

"Hodi! Shikamoo bibi!"

Prasojo huyo, kijana wa ofisi ya kijiji, viatu vinang'aa, kishikwambi kifuani. Kaja kuhakiki wanaopewa mchele wa msaada. Mkono wa bibi ukagandia hewani.

"Marahaba. Kaa basi."

"Sikai, nina nyumba arobaini leo. Halafu ongea vizuri, hii mashine inanasa sauti, wakubwa wanasikiliza wilayani. Kuna mtu kasema unafuga."

"Nani? Jirani Lasmi?"

"Mi simtaji mtu. Mifugo ipo, haipo?"

Bibi akalitazama beseni. Tangu aache kugonga, yeye mwenyewe kashavuta pumzi sita.

"Walikufa wote. Nenda kaone banda, manyoya matupu."

"Nimeliona. Pole." Kidole kikasogea kwenye kioo. "Naweka haipo. Maana ukiweka ipo, mashine inakutoa orodhani yenyewe, hata mimi siwezi kukurudisha. Juzi Mzee Karto katolewa kwa sababu ya bata. Bata mmoja, bibi, tena kiwete!"

Akacheka. Bibi akatega sikio. Pumzi ya kumi na mbili. Chini ya beseni hata mkwaruzo hamna.

Ko.

"Nini hicho?"

Ko. Ko. Ko.

Prasojo akaziba kitundu cha sauti kwa kidole gumba, akachuchumaa. "Bibi, we! Acha kwanza!" akanong'ona. "Nibonyeze, nitoke, dakika mbili tu!"

"Dakika mbili huyu hana."

"Kifaranga hicho! Unapoteza kilo kumi kila mwezi kwa kifaranga?"

"Kilo kumi nazijua. Nazila peke yangu."

Ko. Ko. Kisha kutoka chini ya bati ikaja sauti nyembamba, ya kukwaruza kama mlango wa kabati. Piyo.

Kijana akajua sauti ile kidole hakiizuii, akakitoa polepole. "Ipo," akasema kwa sauti ya ofisini. "Wangapi?"

"Mmoja. Andika mgonjwa."

"Hapana pa kuandika mgonjwa."

"Basi andika mmoja."

Akaandika. Akamsogezea kioo. "Weka dole gumba hapa, kukubali kwamba umetolewa."

"La kulia lina vumbi la karanga."

"Mashine hailisomi likiwa na vumbi. Weka la kushoto."

"La kushoto linagonga." Bibi akamshika mkono, akauweka juu ya bati. "Shika. Taratibu hivi. Akiitikia usiache, atalala tena."

"Bibi, mimi mtumishi wa..."

"Gonga!"

Prasojo akagonga. Bi Ngatirah akafuta dole gumba kwenye kitenge, akalibandika kwenye kioo, akalikandamiza. Jina lake likageuka jekundu, halafu likapotea. Kijana aliliona likipotea, ila hakuthubutu kuondoa mkono.