Ufunguo wa Jumapili

Muuguzi alikuwa amesema mpaka Ijumaa. Ikifika Ijumaa adhuhuri na Verna Desjarlais hajaleta anwani ya nyumba ya chini, isiyo na ngazi, yenye nafasi ya kitanda cha mgonjwa, dada yake Yvette angehamishiwa kwenye nyumba ya wagonjwa wasiopona katika mji mwingine, mwendo wa saa mbili na nusu kwa gari. Verna hakuwa na gari, na basi la kwenda huko lilikuwa limeacha safari miaka mingi iliyopita. Daktari hakuwaficha: Yvette alibakiza wiki nne, labda tano. Wauguzi wangekubali kuja kumhudumia nyumbani, ila nyumba yenyewe iwepo.

Chumba cha Verna kilikuwa ghorofa ya pili, na mgeni wa kulala alikuwa marufuku. Aliishi kwa posho ya serikali tangu mgongo wake ulipokataa kazi, baada ya miaka kumi na tisa ya kufua mashuka ya hoteli.

Jumamosi akaonyeshwa nyumba ya Bi Hnatiuk, mjane wa miaka sabini na minane aliyeishi juu na kupangisha chini. Vyumba viwili, na dirisha pana lililotazama reli, na ng'ambo ya reli mashamba ya ngano yaliyolala chini ya theluji. Bi Hnatiuk alimkalisha jikoni, akamwekea sahani ya vifuko vya unga vilivyojazwa viazi, vikielea kwenye siagi na vitunguu, akamtaka ale kwanza ndipo aseme. Verna akala, akasema. Alisema habari za Yvette, kisha, huku macho yake yakiwa kwenye sahani, akasema na lile lililokuwa likimfungia milango mji mzima: kwamba hana amana ya pango mkononi. Ofisi ya msaada humwandikia mwenye nyumba barua ya dhamana. Mpangaji akiharibu kitu, serikali italipa. Mwenye nyumba anatakiwa ajaze fomu, ofisi itoe barua, ndipo mpangaji ahamie. Wenye nyumba wengine wakisikia hayo, chumba huwa kimeshachukuliwa tangu jana.

Bi Hnatiuk alivaa miwani, akajaza fomu kwa herufi kubwa kubwa, akaacha tupu mahali pa tarehe ya kuhamia. Hiyo utaijaza mwenyewe, alimwambia.

Kesho yake, Jumapili, lori la jirani lilikuwa halina kazi, na redio ilikuwa imetangaza kwamba baridi itashuka usiku hadi nyuzi arobaini chini ya sifuri. Katika mji ule mtu hangojei karatasi wakati lori lipo na baridi inakuja. Bi Hnatiuk akapiga simu.

"Njoo uchukue ufunguo, mwanangu," alisema. "Godoro halijui mambo ya ofisi."

Kabla ya jua kuzama, kitanda, sufuria mbili na kiti cha kubembea cha Yvette vilikuwa ndani. Verna akarudisha ufunguo wa chumba chake cha zamani, na asubuhi kikapata mtu mwingine.

Jumatatu akaenda ofisini. Binti wa dirishani aliitwa Marnie, nywele zake zimekatwa fupi kama za mvulana. Alipitisha kidole juu ya fomu, akafika kwenye tarehe, kidole kikasimama.

"Hapa umeandika Jumapili," alisema. "Jumapili ijayo, bila shaka."

"Hapana. Jana."

Marnie aligeuka kumtazama mwenzake wa meza ya nyuma, kisha akainama hadi paji la uso wake likakaribia kioo. "Mama, nisikilize vizuri. Vitu vyako umevihifadhi tu kule, au umeshahamia?"

Mtu mwingine angeishika kamba ile aliyotupiwa. Yvette angeishika hata usingizini. Yeye ndiye aliyemsemea mdogo wake maisha yote, shuleni, kwa daktari, hata kwa yule mwanamume aliyetaka kumwoa. Lakini Verna alikulia kwenye nyumba ya posho. Aliyaona macho ya mama yao siku posho ilipokatwa kwa sababu ya mjomba aliyelala sebuleni siku tatu na asiandikwe popote. Tangu hapo alijua kwamba mtu wa msaada huulizwa swali moja mara mbili pale anapotegwa.

"Nimehamia," alisema. "Nimelala huko. Na ufunguo alinipa mwenyewe, sikuiba."

Marnie akaiweka kalamu chini. Akaeleza polepole, kama mtu anayemvua mtoto bandeji, kwamba dhamana ni ya kumwingiza mtu ndani ya nyumba. Aliyekwisha kuingia, kwa taratibu zao, anahesabiwa kuwa haihitaji. Angeweza kukata rufaa. Jibu lingetoka ndani ya siku kumi za kazi.

"Laiti nisingeuliza," alisema Marnie, kisha akaita namba iliyofuata.

Kwenye hati, nyumba ilikuwa kwa jina la Taras, mwana wa Bi Hnatiuk. Majira mawili ya baridi yaliyopita mpangaji alihama bila kuaga, akazima mtambo wa joto, maji yakaganda, mabomba yakapasuka, na benki ilikuwa bado inamdai Taras gharama za ukarabati. Kulikuwa na fundi wa visima vya mafuta aliyevitaka vyumba vile, na amana yake tayari mfukoni. Jumatano jioni Verna alisikia juu ya dari sauti ya Bi Hnatiuk katika lugha yao ya nyumbani, ikipanda na kushuka, kisha miguu mizito. Taras akateremka, akasimama mlangoni na kofia mkononi.

"Ningekuwa na barua, dada, ningevumilia," alisema. "Sina barua."

Verna akamwambia anaelewa, na kweli alielewa, na hilo ndilo lililomuuma. Bi Hnatiuk akampa kochi la juu, alale mpaka atakapochoka nalo. Ila kulifikia kochi lile kulikuwa na ngazi kumi na nne, na kitanda cha mgonjwa hakipandi ngazi.

Ijumaa, hospitalini, alimkuta Yvette amefungwa mablanketi juu ya machela, amekuwa mdogo kama furushi la nguo. Dereva alikuwa akijaza karatasi zake. Verna aliruhusiwa kumsindikiza mpaka kwenye gari tu.

"Mbona umekuja na uso kama mkate uliosahauliwa jikoni?" alisema Yvette. "Ni mimi ninayekufa, si wewe."

"Baridi tu, dada."

"Ile nyumba ya bibi uliyonisimulia je?"

Verna alikuwa amejiandaa kusema ukweli. Njia nzima alikuwa ameurudia, tangu tarehe mpaka kwenye kofia ya Taras. Akafungua kinywa.

"Wanapaka rangi," alisema. "Wakimaliza tu, nakuja kukuchukua."

Yvette alimtazama. Alimjua mdogo wake tangu siku alipozaliwa, na hakuwahi kusikia uongo kutoka kinywani mwake.

"Rangi gani?"

"Njano."

"Aa, njano. Mtu mgonjwa kwenye njano anaonekana mgonjwa mara mbili." Akavuta pumzi, ikachukua muda kuingia. "Mwambie huyo bibi apake nyeupe. Kwenye chumba cha dirisha."

"Nitamwambia."

"Na kitanda kielekee nje."

"Kitaelekea nje, dada. Kuna reli. Treni utaziona zote."

"Haya," alisema Yvette, akafumba macho.

Dereva akafunga mlango. Verna alisimama kwenye maegesho mpaka gari lilipoiacha taa ya pili ya barabarani, kisha akatembea hadi kwa Bi Hnatiuk, ambako yule fundi alikuwa anaingiza kitanda chake.