Korola ya Ngigi

"Piga stata!" fundi Mumo alisema, kichwa kikiwa ndani ya boneti.

Warigia akazungusha ufunguo. Injini ikazunguka kwa nguvu, ikakohoa, ikakataa.

Saa nne na nusu. Kwenye kioo cha mbele palikuwa na kibandiko chekundu cha kaunti: gari limetelekezwa, litavutwa saa sita mchana. Lilikuwa limesimama nje ya ploti aliyopanga Warigia kule Ngoingwa miaka miwili, tangu mumewe Ngigi afariki. Ndani ya ploti landilodi alikuwa amejaza vibanda, hata baiskeli haikupata pa kulala. Na Jumatatu Warigia alitakiwa aanze kupeleka mayai kutoka Murera kwa shule mbili za Thika. Mwalimu mkuu alimwambia waziwazi: bila gari, kazi anapewa mwingine.

"Si betri," alisema Mumo. Walikuwa wameazima nguvu kwa betri ya gari la jirani, Probox. Alichomoa plagi moja, akaigusisha kwenye chuma. "Piga tena." Cheche ya buluu ikaruka. "Moto upo. Basi ni mafuta."

"Si jana ulinyonya ya zamani ukaweka mapya?"

"Yako kwa tangi, mathe. Hayafiki mbele."

Alilaza sikio kwenye kiti cha nyuma, juu ya pampu. Kimya. Akakagua fyuzi: nzima. Akaunganisha pampu moja kwa moja na betri, ikavuma vizuri. Mumo akakaa chini kwenye vumbi, akikuna ndevu.

"Pampu ni nzima lakini stima haifiki. Mzee aliweka swichi ya wezi?"

"Swichi gani?"

"Ya siri. Unakata pampu, mwizi anapiga stata mpaka anachoka."

"Hakuniambia."

"Wanaume hawaambiangi bibi. Ati bibi anaweza kutoroka na gari."

"Haiya! Hata kuendesha sikuwa najua wakati huo!"

Saa tano na dakika ishirini, brekidauni ya kaunti, lori la kuvuta magari, ikasimama mbele yao. Gathogo, afisa aliyebandika kile kibandiko, akashuka na fomu zake.

"Bado mnacheza na hiyo maiti?"

"Saa sita bado," Warigia alijibu bila kumtazama. Alikaa kwenye kiti cha dereva, akafumba macho. Ngigi alikuwa akiingiaje? Mlango. Mkanda. Halafu aliinama kila mara, kama anayefunga kamba za viatu. Lakini Ngigi alivaa malapa.

Akainama. Akapenyeza vidole chini ya zulia, karibu na mguu wa kiti, vikagusa kitufe. Akabonyeza, akazungusha ufunguo.

Nyuma ya gari pampu ikavuma. Injini ikashika, ikatoa moshi mweusi, ikatulia. Mumo akapiga boneti kofi. "Umeona mzee huyo! Alikuwa mjanja kama nini!"

Gathogo akasogea dirishani. "Bima iko wapi?"

"Nitalipia wiki hii. Acha nilipeleke gereji tu."

"Bila bima? Ukikanyaga lami nakushika."

"Na nikiliacha hapa?"

"Nalivuta. Limetelekezwa."

"Linanguruma, afisa! Sasa nifanye nini?"

"Mimi si wa kushauri, mama." Akatazama saa. "Toka, vijana wafunge mnyororo."

Watu wa boda walianza kukusanyika. Warigia akafunga milango yote minne, akateremsha kioo kiasi cha kidole.

"Vuta. Lakini andika vizuri kwa hiyo fomu: limetelekezwa, mwenyewe akiwa ndani."

"Mama, usinichezee."

"Andika!"

Gathogo akaandika. Lakini hakuandika maneno hayo. Saa sita kamili akamwashiria dereva wake kwa kidevu, na magurudumu ya mbele yakainuka kutoka ardhini. Warigia akashika usukani kwa mikono miwili, akitazama mbingu kupitia kioo. Korola ikavutwa hivyo kuelekea mjini, taa zikiwaka, injini ikiunguruma, gari lisilo na mwenyewe.