Futa Diski Yote

"Na Elphas umemweka wapi?"

Dada yangu Chepkorir aliuliza akitabasamu, mkono kwenye mausi, macho yakizunguka kwenye skrini niliyompambia. Mgongoni alikuwa amembeba Kimberly, wa miezi mitatu. Nilidhani anatania. Elphas, mume wake, tulikuwa tumemzika miezi saba nyuma, hapo hapo Olenguruone, kando ya shamba la viazi.

Siku hizo nilikuwa na imani moja kubwa. Niliamini kwamba Linux, mfumo wa kompyuta wa bure ambao yeyote anaweza kuufungua na kuurekebisha, haukuingia majumbani kwa sababu ya sura yake tu. Ulimkodolea mtu macho kama karani mwenye haraka. Kwa hivyo, katika chumba nilichopanga Lanet, nilitumia mwaka mzima kuulainisha: maneno ya Kiswahili, herufi kubwa, vitufe vichache, kijani cha majani chai. Nilitaka anayeogopa kompyuta aiwashe na ahisi amekaribishwa. Chepkorir angekuwa wa kwanza. Kompyuta aliyoachiwa na Elphas ilikuwa imejaa virusi. Ukiiwasha, unaenda kukama ng'ombe, unarudi bado inafikiria.

Asubuhi hiyo nilimuuliza kama kuna vitu vya kuhifadhi.

"Picha tu, Kimaiyo," alijibu kutoka jikoni.

Nikanakili picha. Kisha mfumo ukaniuliza, kwa maneno niliyoyatafsiri mwenyewe: Futa diski yote? Nilikuwa nimejivunia sentensi ile, ilivyokuwa fupi na safi. Nikabonyeza Ndiyo.

"Elphas gani?" nikamuuliza sasa.

"Si zile sauti alirekodi akiwa wodi. Za mtoto. Aliongea na huyu akiwa bado kwa tumbo." Tabasamu lilikuwa limeanza kumtoka. "Ziko kwa ile D."

D ilikuwa sehemu ya pili ya diski. Sikuwa nimeifungua, nayo ilifutika pamoja na yote.

Nilimweleza. Nilitaka anipigie kelele. Alikaza leso iliyomshika mtoto, akatazama nje dirishani.

"Zilikuwa zinasema nini?" nikauliza.

"Sijui. Sikuwa nimesikiza. Nilikuwa nangoja nipate nguvu."

Baadaye, nikiwa mlangoni, alisema kwa upole, "Lakini imekuwa rahisi kutumia."

Diski niliipeleka Nakuru kwa fundi anayeitwa Okeyo, akahangaika nayo wiki mbili. Kazi yangu sikuigusa tena, ila mara moja tu: niliirefusha ile sentensi ikawa onyo la mistari sita, baya, la kuchosha. Kisha nikaiacha yote mtandaoni. Wengine waliichukua wakaiendeleza. Nasikia watu wanaipenda majumbani, na kwamba lile onyo walilifupisha.

Okeyo aliokoa sekunde nne. Kiti kinaburutwa, mtu anakohoa, kisha sauti ya Elphas, dhaifu, ikimuuliza nesi au pengine ikijiuliza: "Hii kitu imeshika?"

Basi.

Kimberly ana miaka mitano sasa. Desemba iliyopita nilimkuta mezani, miguu ikining'inia kitini, akiifungua faili hiyo mwenyewe bila kusaidiwa na mtu. Baba yake akakohoa, akauliza.

"Ndiyo, Baba," akamjibu, akiinamia spika. "Imeshika. Ongea."

Alingoja. Chepkorir aliweka chini kisu na kiazi alichokuwa akimenya, akatoka nje, na mimi sikumfuata.