Kitambaa cha Pili

Kila asubuhi Fundi hutia matone matatu ya mafuta kwenye cherehani yake, huzungusha gurudumu kwa mkono, husikiliza. Baada ya hapo ndipo hugusa kitambaa. Jumamosi hiyo alikuwa amefika tone la pili simu ilipoita.

"Mama, soksi zangu za magoti umezifanya nini?"

Fundi akaiweka chini chupa ya mafuta. "Kwani zina nini?"

"Mkaguzi amezikataa! Anasema zina kitambaa cha pili ndani. Na ukaguzi unafungwa saa nne. Timu ya taifa inachaguliwa leo, mama, na mimi sijawahi kunyanyua mzigo mzito bila hizo."

Fundi alijua fika. Jana mchana, binti yake Kitinda akiwa kazini, alizichukua zile soksi nzito za mpira za kubana magoti akazishonea kipande cha blanketi kwa ndani, mshono mdogo mdogo usioonekana. Mwezi mzima alikuwa akimwona kitindamimba wake akishuka ngazi upande upande kama kaa. Kila alipofungua mdomo kumwambia jambo, lilitoka jingine: "Umekula?" Au, "Funga mlango."

Alitupia wembe mkobani, akaacha cherehani wazi, akatoka mbio. Ukumbi wa mashindano ya kunyanyua vyuma ulikuwa mtaa wa pili tu.

Kitinda alikuwa kwenye benchi, macho mekundu. Kando yake alisimama mkaguzi, mama wa makamo, miwani ikining'inia kifuani na rula mkononi.

"Wewe ndiye mshonaji?"

"Ndiyo mimi."

"Mkono wako safi, dada. Vidole ndivyo vilivyouona mshono huu, si macho. Lakini kanuni inataka kitambaa kimoja, unene usizidi milimita saba. Zaidi ya hapo, soksi ndiyo inanyanyua, si mtu."

"Ni blanketi tu..."

"Hata ingekuwa leso."

Wanyanyuaji wakaangua kicheko. "Mama Fundi," akadakia mmoja, viganja vyeupe kwa chaki, "zangu nitilie na mifuko!"

Fundi hakucheka. "Nikifumua je?"

Mkaguzi akatazama saa. "Una dakika kumi na mbili. Ukiigusa soksi yenyewe kwa huo wembe, basi tena."

Fundi akaketi palepale sakafuni. Miaka thelathini ameshona, lakini kufumua kazi yake mwenyewe mbele ya kadamnasi, hilo halijamfika. Wembe ulitembea polepole. Kitinda akachuchumaa, akawa anaokota nyuzi moja moja. Uzi wa mwisho ulitoka zikiwa zimebaki dakika mbili.

Mkaguzi akazigeuza ndani nje, akavuta, akapima. "Saba," akasema, akagonga muhuri.

Kitinda akaanza kuzivaa peke yake, kama kanuni inavyotaka. Fundi aliinyoosha mikono kumsaidia, kisha akaificha nyuma. Soksi ya kushoto ikagoma kwenye muundi, ikagoma tena, ikapanda.

"Si ungeniambia tu, mama."

Fundi alikunja vipande vya blanketi, akavikunjua. "Ume..." akaanza, akanyamaza. Kipaza sauti kikaita kundi la Kitinda. Binti akasimama.

"Nakuona unavyoshuka ngazi," Fundi akasema kwa haraka. "Naogopa, mwanangu. Naogopa sana. Lakini sitaki uache. Nataka unyanyue, na mimi nikae pale mbele kabisa nikuone."