Kiti cha Mlangoni

"Maji hayo yamepoa," Abbasi alisema kutoka nje ya pazia. "Ongeza ya moto. Na upime kwa kiwiko, Swaumu, usipime kwa kiganja. Kiganja kilichozoea jembe hakijui moto."

Ndani, Swaumu alicheka. "Shemeji, umejuaje yamepoa na wewe uko huko?"

"Mama amevuta pumzi ulipomgusa. Nimemsikia."

Alikuwa anasikia kila kitu. Alisikia kitambaa kikikamuliwa kwenye beseni, akajua kimekamuliwa vizuri au kimeachwa kinachuruzika. Alisikia sabuni ikiteleza ikaanguka sakafuni, na Swaumu akijitia hamnazo. Akaisikia pia pumzi ya mama yake, fupi, ya mtu anayeona aibu kuogeshwa kama mtoto mchanga. Abbasi alikaa kwenye kiti cha miguu mitatu, mgongo umeegemea mwimo wa mlango, macho yako uani kwenye mihogo iliyoanikwa, na masikio yote mawili yako chumbani.

Kwa miaka kumi na tisa Abbasi Ntirampeba alikuwa mhudumu katika makazi ya wazee, nje kidogo ya mji wa Kasulu. Kazi yake ilikuwa kuogesha, kulisha, kubadilisha mashuka, kukata kucha, na kuwageuza wasioweza kujigeuza kila baada ya saa mbili. Wauguzi walikuja na kuondoka, wengine na vyeti virefu, lakini mhudumu mpya akifika alikabidhiwa kwa Abbasi. Yeye aliwafundisha kwamba mzee halishwi amelala chali, atapaliwa. Kwamba mguu usiohisi maumivu ndio wa kuchunguzwa zaidi, maana hautasema. Kwamba ukimgeuza mtu humalizi hapo. Rudi baadaye utazame kama amebaki ulivyomwacha. Wazee wangapi walifia mikononi mwake alishasahau. Aliyepata kidonda cha kulala katika zamu yake hakuwapo hata mmoja, na hilo hakulisahau kamwe. Alilitaja mara nyingi kidogo kuliko ilivyohitajika.

Sasa mgonjwa alikuwa mama yake mwenyewe, Bibi Niyubahwe, na Abbasi hakuweza hata kumshika kisigino.

Mama alianguka mwezi wa tatu akiwa na mzigo wa kuni, kwenye mteremko wa kutoka mtoni, na tangu siku hiyo miguu yake haikuhisi kitu kuanzia kiunoni. Hospitalini walikaa naye wiki tatu, kisha wakasema atunzwe nyumbani. Makazi ya Kasulu yalipokea wazee wasio na mtu, na Bibi Niyubahwe alikuwa na watu. Alikuwa na Swaumu, mjane wa mtoto wake wa pili, aliyekaa naye nyumba moja hapa Kitahana. Alikuwa na majirani. Alikuwa na Abbasi, aliyeomba likizo yake yote ya siku ishirini na nane na kuja na glovu boksi mbili, mpira wa kutandika kitandani na mafuta ya mgando.

Ila mtoto wa kiume haoni utupu wa mama yake. Hakuna aliyemkataza, hakukuwa na haja. Siku ya kwanza Swaumu alitundika khanga mlangoni mwa chumba, Abbasi akavuta kiti nje yake, na kila mmoja akaona ndivyo inavyotakiwa kuwa. Kazi ya mikono ikawa ya Swaumu. Abbasi akafundisha kwa mdomo.

Na tusimfichie, alikipenda kile kiti. Kila asubuhi majirani walifika kumjulia hali mgonjwa. Walichuchumaa kizingitini, wakapiga makofi yale ya taratibu ya salamu, pazia likasogezwa kidogo, na mama akawaitikia kutoka kitandani, uso umewaelekea, mmoja baada ya mwingine, bila kuruka mtu. Kisha alisema, kwa sauti ya kutaka kusikika mpaka barabarani, "Mmemwona mwanangu? Ameacha kazi yake Kasulu amekuja kunilinda mlango." Abbasi aliinamisha kichwa kana kwamba hakusikia. Miaka kumi na tisa alikuwa amewapa watu wengine siku zake. Kitahana alikuja Idi, akakaa siku mbili, akaondoka. Ilimtia uchungu kusifiwa kwa kitu kidogo hivi, na bado alitaka kusifiwa.

"Umemgeuza?" aliuliza sasa.

"Nimemgeuza, shemeji."

Lilikuwa swali lile lile la kila baada ya saa mbili, na jibu lile lile. Hii ilikuwa siku ya ishirini na mbili.

Swaumu akatoka na beseni kiunoni kwenda kumwaga maji kwenye migomba. Khanga ikafunuka, upepo ukapita chumbani ukatokea mlangoni, ukampiga Abbasi usoni.

Akasimama.

Kuna harufu ambayo sabuni haiwezi kuifunika. Siyo ya haja wala ya jasho. Ina utamu kidogo, kama ndizi zilizopitiliza, na aliyewahi kuifanya kazi hii hawezi kuikosea.

"Swaumu. Tua hilo beseni."

"Kuna nini?"

"Litue. Nipe kitambaa."

Alikikunjua mwenyewe. Katikati kulikuwa na doa la njano, kingo zake kahawia. Abbasi alilitazama kwa muda, halafu akamtazama shemeji yake, na Swaumu akaanza kutazama mihogo.

"Tangu lini?"

"Shemeji, ni kidogo tu..."

"Nimekuuliza tangu lini."

"Ijumaa ya juzi ilikuwa wekundu tu. Nikapaka mafuta uliyoleta. Halafu ngozi ikatoka." Alijifuta mikono kwenye kitenge ingawa ilikuwa mikavu. "Mama alisema usiambiwe. Alisema utataka kuingia."

"Kiko wapi?"

"Kwenye fupa la nyonga."

"Nyonga ipi?"

"Ya kulia."

"Ukubwa?"

Swaumu aliunganisha kidole gumba na cha shahada akafanya duara, kama kisoda cha soda. Kisha akafikiri, mtu mkweli huyu, akaliongeza.

"Kina kina?"

Alionyesha kidole chake cha shahada, akakigusa kwenye pingili ya katikati. Machozi yalikuwa yamemjaa. "Nusu hivi. Lakini hasikii maumivu, shemeji. Wallahi hasikii."

"Ndiyo," Abbasi alisema. "Asingesikia."

Akageuka, akashika pazia. Alikuwa hajalivuta hata kidogo wakati sauti ilipotoka ndani, na haikuwa sauti ya mgonjwa.

"Abbasi. Acha hiyo khanga."

"Mama, nataka kuona kidonda tu. Mara moja. Ndiyo kazi yangu."

"Kazi yako iko Kasulu. Hapa wewe ni mwanangu. Hata nikifa, wanawake ndio watanisitiri. Kaa hapo ulipo."

Mkono ulibaki kwenye khanga. Angeweza kuingia. Baadaye, kwa miaka, angejiuliza kwa nini hakuingia, na kila mara angefika mahali pale pale: kwa kuwa mama alisema kaa, na yeye alikuwa mtoto. Aliushusha mkono.

Akapiga simu Kasulu. Sista Firdausi, muuguzi wa zamu, alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Nusu kidole," alirudia. "Abbasi, hicho siyo cha nyumbani tena. Kisafishwe kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, asikilalie hata dakika moja, na kesho asubuhi mpeleke hospitali Kibondo. Mtamhitaji mtu wa kumshika kwenye bajaji, njia nzima." "Lakini wewe? Wewe ndiye uliyetufundisha kugeuza."

"Nilikuwa nauliza," Abbasi alisema. "Kila baada ya saa mbili nilikuwa nauliza."

"Ulikuwa unarudi kutazama?"

Sista Firdausi hakungoja jibu, akamuaga kwa upole ambao ulimuuma kuliko kama angemgombeza.

Swaumu alikuwa bado uani, amekaa kwenye kinu kilichoinamishwa. Abbasi alichuchumaa mbele yake ili asimsemeshe akiwa juu, kama alivyofanya kwa wahudumu wapya waliokosea.

"Sikulaumu. Nieleze tu. Ulinijibu umemgeuza. Ulikuwa unamgeuza kweli?"

"Nilikuwa namgeuza, shemeji, mbona nisimgeuze! Moja, mbili, tatu, kama ulivyosema, naweka mto mgongoni, mwingine katikati ya magoti. Namlaza kushoto, anatazama ukuta. Nikitoka tu ananiita. 'Nirudishe.' Nitafanyaje? Ni mama mkwe wangu."

"Kwa nini alitaka kurudishwa?"

Swaumu alimtazama kama mtu anayeulizwa kwa nini watu huvua viatu msikitini.

"Wewe uko mlangoni. Tangu asubuhi mpaka jioni uko mlangoni. Alisema, mwanangu ameacha kazi amekuja kukaa nami, nimpe mgongo? Na wageni nao wanapiga makofi hapo hapo, awaitikie kwa kisogo? Kulia ndiko kuna mlango."

Abbasi alikaa chini, kwenye vumbi.

Kulikuwa na mzee mmoja kule makazini, Mzee Léonard, aliyekuwa akijivuta kila siku kuelekea dirishani kuangalia barabara. Ukimlaza upande wa pili, baada ya muda unamkuta amerudi. Vijana walimfokea. Abbasi aliingia, akakitazama kitanda, akakizungusha: kichwa kikawa miguuni, miguu ikawa kichwani. Basi. Mzee akatazama barabara yake kwa ubavu mwingine. "Mtu hugeukia anakopenda," aliwaambia wale vijana, na walilirudia neno hilo kwa miaka. Wakati ule lilimtoka bila kufikiri. Hapa, kwa siku ishirini na mbili, alikuwa amekaa mahali pamoja, ameridhika, na mama yake amelalia nyonga moja kwa ajili yake. Hakuna mgeni aliyemdhuru mama kama yeye. Angebaki Kasulu, akatuma fedha na kupiga simu kama wanaume wengine, nyonga ile huenda ingekuwa nzima.

Kukizungusha kitanda hapa haikuwezekana. Chumba kilikuwa chembamba, na kitanda kiliingizwa kabla mlango haujawekwa mwimo; kumlaza kichwa upande wa miguuni nako hakukufaa, mbao za huko zilikuwa zimelegea. Abbasi aliinuka. Akapiga simu ya pili, ya kuagiza bajaji ya asubuhi. Akachemsha maji mwenyewe, akatia chumvi, akayaacha yapoe, akampa Swaumu glovu mpya na kumwelezea polepole namna ya kusafisha kuanzia katikati kwenda nje. Kisha akakichukua kiti chake cha miguu mitatu.

"Unaenda wapi, shemeji?"

"Nyuma."

Nyuma ya nyumba kulikuwa na kishamba cha maharage mpaka karibu na ukuta, na kwenye ukuta dirisha dogo la mbao ambalo halikufunguliwa tangu mvua zianze. Alipita kwa kuchagua pa kukanyaga. Alisukuma ubao mpaka ukalegea, akauvuta wazi, akakiweka kiti chini yake bila kuchungulia ndani. Manyunyu yalikuwa yanaanza.

"Mama," akasema. "Niko huku."

Alisikia beseni likisogezwa, na glovu zikivuliwa. Halafu Swaumu, taratibu, "moja... mbili... tatu," na mbao za kitanda zikalia, na mto ukapigwapigwa. Abbasi alingoja neno lile, nirudishe. Halikuja. Pumzi ya mama ilikuwa karibu sasa, hatua moja tu juu ya kichwa chake, na alishangaa jinsi ilivyokuwa nzito. Toka mlangoni hakuwahi kuisikia hivyo.

Upande wa mbele watu walipiga makofi.

Pale kizingitini, mbele ya kiti kisichokuwapo, walikuwa wamefika majirani wa jioni. Makofi yakarudiwa. Kitanda kikalia kidogo, mwili wa juu wa mama ukitafuta mlango.

"Swaumu!" Abbasi aliita. "Waambie wazungukie huku. Wote."

Walikuja wakiwa wameshika pindo za vitenge, wanne, mmoja nyuma ya mwingine, wakiruka mistari ya maharage, bila kuelewa. Hakuna aliyeuliza. Walichuchumaa kwenye udongo uliolowa, chini ya dirisha, wakapiga makofi ya taratibu, na mama akawaitikia, mmoja baada ya mwingine, bila kuruka mtu. Safari hii hakuwaambia habari za mwanawe.

Walipoondoka mvua ilikuwa imeshika. Shati la Abbasi lilikuwa limeganda mgongoni, na miguu mitatu ya kiti ilikuwa imezama kwenye udongo.

"Abbasi."

"Naam, mama."

"Huku kuna mwanga. Naona mpaka migomba ya kule chini." Akavuta pumzi. "Mbona siku zote hizi hukukaa huku?"

Abbasi alijipangusa maji usoni.

"Unanyeshewa?" mama akauliza.

"Hapana, mama," Abbasi alisema, na akabaki pale pale.