Katoni ya Akiba

Virgílio Medeiros alikigeuza kigae, akatazama mgongo wake, kisha akakigonga kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Mlio ulikuwa mzito na mfupi.

"Huu ni udongo mwekundu uliopakwa uzuri usoni," alisema, akakirudisha rafuni. "Ukutani sawa. Sakafuni, siku utakayoangusha chupa ya manukato, wekundu utachungulia. Nipe kauri, Ivone, yenye rangi moja hadi ndani."

"Fundi, miaka thelathini unakuja hapa, bado unavigonga kama daktari," alisema Ivone, mwenye duka.

"Wagonjwa hawa hawanidanganyi."

Délio, mwanawe, alicheka bila kuinua macho kutoka kwenye simu yake.

Miaka arubaini Virgílio alikuwa ametandaza vigae katika majiko na mabafu ya Toronto, akiwa amepiga magoti, mpaka magoti yenyewe yakakataa. Bafu la chini nyumbani kwake lilibaki na zulia la plastiki lililokunjika pembeni, ambalo mkewe, Natércia, alilinung'unikia hadi alipofariki msimu wa majani kupukutika. Wiki mbili zilizopita Délio alikuja akasema, "Baba, tulitengeneze bafu la chini. Chagua vigae mwenyewe." Maneno hayo yalimshibisha mzee kuliko chakula. Alipima sakafu peke yake, akitambaa, akijiinua kwa kushika sinki. Akachora mahali pa bomba la maji machafu, na mahali ambapo mkono wa mtu mzima ungehitaji chuma cha kushikilia. Hangepanda tena ngazi kwenda kuoga. Angezeekea pale pale.

Ivone alileta kigae kidogo cha kijivu. Virgílio alikipitishia kiganja, polepole. Kilikwaruza kidogo, kama mchanga uliolowa.

"Hiki hapa. Mguu wenye maji kinaukamata."

"Baba, hicho si kama mahali pa kuegesha magari?" Délio alionyesha vigae vikubwa vyeupe vilivyosimamishwa mlangoni, vinavyong'aa kiasi kwamba taa za dari zilionekana ndani yake. "Angalia vile. Vinatoka vizuri kwenye picha."

"Kwenye picha haogi mtu."

Ivone alicheka, akavuta kitabu cha oda. "Haya, Fundi, nisomee."

"Futi sitini za mraba. Ongeza sehemu moja kwa kumi kwa vya kukatwa. Halafu katoni moja ya akiba. Zote za namba ile ile ya tanuri, usinichanganyie."

Hilo lilikuwa jambo ambalo hakuwahi kulilegeza. Kila mchomo hutoka tanurini na rangi yake, na kigae cha mwaka huu hakifanani kabisa na cha mwaka ujao, hata kama jina ni lile lile. Kwa hiyo katoni moja huwekwa chini ya ngazi, ingojee siku kigae kitakapopasuka, iwe baada ya miaka mitano, iwe baada ya kumi.

"Hiyo ya akiba itoe," alisema Délio.

"Namba ikishapita huipati tena."

"Baba, haihitajiki. Ivone, andika bila akiba. Na weka vile vyeupe."

Kalamu ya Ivone ilisimama. Hakumtazama Délio. Alimtazama Virgílio mara moja, upesi, kisha akavitazama vidole vyake mwenyewe. Ni Virgílio aliyekuwa amemfundisha, akiwa ameegemea kaunta hiyo hiyo, kwamba mteja anayeikataa katoni ya akiba hana nia ya kukaa: huyo anauza. Walikuwa wakicheka pamoja kuhusu wateja hao.

Virgílio akamkumbuka bibi mmoja wa mtaa wa Gladstone. Watoto wake walikuwa wamemwita Virgílio, na mzigo ulipofika hapakuwa na katoni ya akiba. Kila asubuhi bibi huyo alimletea kahawa, akasimama mlangoni na slipa zake, akitazama sakafu yake mpya ikikua. "Havitakuwa na baridi wakati wa theluji?" aliuliza siku moja. Naye Virgílio, akijua kuwa nyumba ile inauzwa, alijibu bila kuinua kichwa, "Hapana, mama. Utavipenda."

"Bango la kuuza nyumba linawekwa lini?" Virgílio aliuliza sasa.

"Bango gani?"

"Délio. Mimi ni fundi wa vigae, si kigae."

Kijana, ambaye naye alikuwa na mvi juu ya masikio, alikohoa. "Mei. Nilitaka kukueleza taratibu. Peke yako utaanguka, Baba, na mimi naishi mbali. Kuna nyumba ya wazee, ya watu wetu. Wanapika samaki wa chumvi kila Ijumaa."

"Na bafuni kwao wametandaza nini?"

"Sijaangalia."

"Hukuangalia." Virgílio alitikisa kichwa. "Mbona basi ukanileta hapa nichague?"

"Nilidhani ingekufurahisha."

"Ilinifurahisha."

Hakuwa na la kuzuia. Baada ya mazishi Délio alileta karatasi za kumkabidhi yeye nyumba, akaelekeza kwa kidole mahali pa kutia sahihi, naye alitia sahihi huku akiitazama picha ya Natércia ukutani. Ivone aliandika oda ya vigae vyeupe, bila akiba, kwa mwandiko ambao haukuwa wake wa kila siku. Alipomaliza, alikisukuma kile cha kijivu juu ya kaunta.

"Chukua, Fundi. Ni sampuli tu."

Garini Délio alizungumza njia nzima: bustani, madaktari, wazee wanaocheza karata. "Utapapenda, Baba," alisema mwishoni.

Virgílio aligeuka akamtazama kwa muda mrefu, kama mtu aliyeisikia sauti yake mwenyewe ikitoka katika kinywa cha mwingine.

Nyumbani aliingia bafu la chini na kufunga mlango. Alikiweka kigae juu ya zulia la plastiki, mbele ya sinki, akakinyoosha kwa ncha ya kidole mpaka kikawa sambamba na ukuta. Akakimwagia maji kwa kikombe cha mswaki. Kisha akavua kiatu na soksi, akashika sinki kwa mikono miwili, akakanyaga.

"Baba?" Délio aliita kutoka ukumbini. "Uko salama humo?"

 Mzee alikuwa ameuondoa mkono mmoja kwenye sinki, na sasa aliuondoa wa pili, akasimama kwa mguu mmoja uliolowa juu ya kigae kimoja, nao mguu haukuteleza.